Mtu Aliyeua Dimbwi Letu

Mtu huyu, kambare alimla akianzia kichwani. Sisemi alikula nyama ya kichwa, hiyo hata mimi nimejifunza kuila. Nasema aliingiza kichwa chote mdomoni, akafyonza macho, akafyonza ubongo, kisha akatoa mifupa mmoja mmoja kati ya meno na kuipanga juu ya goti lake kama mtu anayepanga shanga. Mafuta yalimteremka mpaka kwenye kiwiko. Akimaliza, alilamba kiwiko. Mimi nimeona fisi akitoa matumbo ya punda aliye hai, sikugeuza uso. Huyu akila niligeuza.

Jina lake sitalitaja. Kisiwani tulimwita Mvushaji kwa sababu mtumbwi wa kuvusha watu ulikuwa wake, na hata watu walipokataa kuupanda tuliendelea kumwita hivyo. Hakuna aliyetaka kulitia mdomoni jina alilopewa na mama yake.

Kwa asiyetujua: karibu na mji wa Garissa mto Tana unagawanyika, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule, halafu mikono inakutana tena chini. Katikati ndipo tulipo sisi. Nyumba hazifiki arobaini, msikiti wa mabati, migomba, mahindi kidogo, na kazi ya wanaume ni samaki. Ukisimama ukingoni unasikia honi za tuktuk za mjini. Mimi mwenyewe ni wa Hadado, kwa wenye ngamia. Ukame ulinileta mtoni na mume wangu, Mungu amrehemu, akaniweka kisiwani. Kwetu mla samaki alichekwa. Siku ya kwanza nilipoletewa kambare na masharubu yake niliuliza, huyu nyoka nani amemnenepesha? Leo nampika kwa ndimu na pilipili na wake za watu wanakuja kuchungulia sufuria yangu. Wananiita eedo, shangazi kwa lugha ya kwetu, kwa heshima. Heshima hiyo sikuiokota njiani.

Kazi yake Mvushaji aliijua, lazima niseme. Mtumbwi aliusugua kwa mchanga kila asubuhi, ndani na nje, mpaka ungeweza kukandia unga humo. Yeye mwenyewe hakujisugua. Shati lilikuwa moja, limekauka jasho likawa gumu kama ngozi ya mbuzi. Alitafuna miraa tangu adhuhuri, na povu la kijani likakaa pembeni mwa mdomo, halafu akakuuliza habari za watoto kwa karibu kabisa, ukijua neno moja zaidi povu litakurukia. Lakini viboko aliwajua kuliko mtu yeyote. Aliwaambia abiria, "Kiboko akitoa masikio, pita. Akitoa pua, ngoja. Akifungua mdomo, soma shahada." Watu walicheka. Mimi nilishika ukingo wa mtumbwi na kumwambia, "Wewe piga kasia, shahada yangu naijua."

Sasa nieleze kuhusu dimbwi, maana bila hilo mtu huyu hatajulikana.

Kila mwaka mto ukishuka, upande wa chini wa kisiwa hubaki dimbwi kubwa, na samaki waliozubaa hubaki humo. Dimbwi hilo halivuliwi na mtu mmoja. Wazee hulifunga kwa kamba ya majani ya mkoma, mtu asiingie, samaki wakanenepa, na siku ikitangazwa kisiwa kizima kinaingia pamoja na vikapu. Wajane wanatangulia, walemavu wanafuata, vijana wenye nguvu wanaingia mwisho. Mjane asiyeweza kushuka majini, kikapu chake kinashikwa na mwingine na kinajazwa kwanza. Mimi nilipofiwa, mwaka uleule kikapu changu kilijaa kabla sijakunja nguo. Ndiyo siku niliyokubali kwamba hawa ni watu.

Yeye alisubiri Ijumaa. Wanaume wote wakiwa wameinamisha vichwa msikitini, alishuka dimbwini na chupa ya dawa ya kupe, ile wafugaji wanayonunua soko la mifugo kunyunyizia mbuzi. Akaimwaga. Samaki wakapanda juu, matumbo meupe. Aliokota wakubwa, akajaza magunia, akavuka kwenda mjini. Wadogo aliwaacha wanaelea.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa na miaka sita. Aliokota mmoja pembeni, akambanika na wenzake kwenye moto wa kitoto. Wenzake walisema ananuka, wakamtema. Wangu alikuwa na njaa, akammaliza.

Nilimkuta ameegemea mgomba, anatapika kitu cha njano chenye nyuzi, macho yamegeuka, mate yanamtoka hayana mwisho. Nikambeba mpaka kivukoni. Mtumbwi haukuwepo. Ulikuwa mjini, na mwenyewe. Nilikaa pale mchangani na mtoto anajichafua mapajani mwangu, juu na chini, mpaka nilipouona unarudi. Alikuwa anaimba.

Alitupakia bila kuuliza. Tulipofika katikati ya mto ndipo aliposema, "Eedo, amekula nini huyu?"

"Samaki wa dimbwini."

Akasimamisha kasia. Maji yanatuvuta kuelekea chini, mtoto anakoroma, na yeye ameshika kasia hewani, mdomo wazi, lile povu limemkaukia. Sikuhitaji shahidi mwingine.

"Piga kasia, mbwa wewe," nikamwambia.

Akapiga. Sijawahi kuvuka Tana kwa kasi ile, kabla wala baada. Hospitali walimwosha tumbo mtoto, akalala siku nne, akaamka akaomba uji. Hilo namshukuru Mungu, sio mtu mwingine.

Uvundo ulikuja baadaye. Samaki waliozama walipanda tena wamevimba, ngozi inaachana na nyama ukiwagusa kwa fimbo. Nzi walikaa juu ya maji kama blanketi. Wiki kadhaa kisiwa kizima kilikula kimejifunga vitambaa puani, na chapati ilikuwa na ladha ya mzoga. Mfugaji mmoja wa ng'ambo aliyevusha mbuzi wake mahali maji yana kina kifupi alipoteza saba. Mjini watu walitapika, na baada ya hapo samaki wetu hawakununuliwa hata na mwenye njaa. Binamu yangu wa Iftin, mtaa wa mjini, mwenye duka, alinipigia simu, "Hii samaki yenu nauwa watu, we nakaa huko kwa nini?" Nikakata simu. Nilikuwa na aibu, mimi ambaye sikuvua hata mmoja.

Mbele ya wazee alijitetea kwa dini, hebu fikiria. "Samaki hachinjwi," alisema. "Akifa kwa njia yoyote ni halali."

Maalim wetu, mtu mpole, akamwuliza, "Na mtoto je, naye hachinjwi?"

Hapo akatazama miguu yake.

Mbuzi walilipwa kwa mbuzi, hilo likaisha. Lakini dimbwi halilipwi. Mzee wa Kisiwa, ambaye neno lake ndilo la mwisho kwetu, alitamka kama walivyotamka waliomtangulia. Mwenye kuua dimbwi hafukuzwi. Anabaki. Ila hakuna atakayekula samaki wa mkono wake, hakuna atakayepanda mtumbwi wake isipokuwa mgonjwa na anayekimbia kifo, na dimbwini hatatia mguu siku ya vikapu. Ni hivyo mpaka dimbwi lizae tena, na mtu wa nyumba aliyoiumiza ale samaki wa mkono wake mbele ya watu wote. Kisiwani nyumba aliyoiumiza ilikuwa moja tu, yangu. Kwa hiyo mdomo uliotakiwa ulikuwa huu wangu.

Wallahi nilifurahi. Niandike ukweli au nisiandike kabisa. Nilienda nyumbani nikalala usingizi mzito kama niliyeshiba nyama ya ngamia.

Kuanzia hapo kila Ijumaa alikuja. Alisimama nje ya ua wangu, samaki juu ya jani la mgomba, na mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale.

"Eedo, asalaam aleikum."

"Waleikum salaam. Hapohapo ulipo."

"Nimeleta perege. Bado anapumua."

"Mrudishe mtoni kabla hajajua amebebwa na nani."

Alicheka. Hilo ndilo lilinichefua kuliko yote. Ukimtukana alicheka kwa meno yote ya kahawia, akainama, akaweka jani chini na kuondoka kinyumenyume kama mtu anayetoka kwa mfalme. Paka wangu walinenepa mpaka wakashindwa kukimbiza panya.

Ijumaa moja ya masika nilimwuliza, "Wewe huchoki?"

"Nachoka, eedo."

"Sasa?"

"Sasa nikikaa nyumbani nachoka zaidi."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, mafupi. Ukimwuliza hali alijibu, "Nipo, mtanizoea." Mtu akimpa kisogo njiani alisema kwa sauti, "Mgongo mzuri, mashallah." Aliposikia watoto wanamwita Dawa ya Kupe, aliwaambia, "Kupe wenyewe wako wapi? Sijamwona hata mmoja. Basi nafanya kazi." Watoto walimpenda. Mama zao waliwavuta kwa masikio.

Alikuwa mwongo wa vitu vidogo. Umri wake ulibadilika kila Ramadhani. Alidai amefanya kazi melini Mombasa, na mtu aliyekwenda naye alisema waliishia Garsen wakaishiwa na nauli. Lakini mwalimu wa shule yetu alipoangusha simu mtoni, mahali tulipomwona mamba mara mbili wiki hiyo, yeye alivua shati akazama. Alizama mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Akaibuka na simu na matope puani. Mwalimu, kijana wa watu, alisita kuipokea kwa mkono wake. Ikabidi aiweke juu ya jiwe, mwalimu aichukue jiweni. Niliona. Wala sikuona vibaya wakati ule.

Msikitini aliwahi kuliko wote na kufagia. Wakati wa sala waliosimama kushoto na kulia kwake waliacha nafasi ya mtu mmoja, na Maalim alipiga kelele, "Zibeni nafasi!" Wakaziba kidogo. Aliondoka wa mwisho, akafagia tena.

Na dimbwi. Kila kiangazi alishuka peke yake na karai la bati, akachota tope jeusi lililooza chini, akalibeba kichwani mpaka ng'ambo ya kisiwa na kulimwaga mchangani mbali na maji. Miaka saba. Tope hilo lilinuka kama tumbo la mnyama aliyekufa juzi, likamtiririka usoni, likamwingia mdomoni, akalitema, akaendelea. Wanawake walipita mbali wakiziba pua. Mimi nilipita karibu, nione kama anadanganya. Hakudanganya. Alikuwa mweusi tii mpaka kwenye kope, na funza wadogo wekundu wanamtembea shingoni.

"Eedo, unaona chini panaanza kuwa mchanga?" aliniambia.

"Naona funza."

"Funza ni dalili nzuri. Zamani hata wao hawakuwepo."

Nilikwenda nyumbani nikatapika. Sijui kama ni ule uvundo au ni vile alivyosema kwa furaha.

Binamu yangu wa Iftin, yuleyule wa simu, alikuja kututembelea akamwona, akaanza kunihubiria. "Samehe bwana, wewe ni Mwislamu."

"Wewe samaki unamwona kwenye simu," nikamwambia. "Kunywa chai yako."

Mwaka juzi mto ukafurika. Maji yaliingia kisiwani mchana, yakapanda magotini kabla hatujafunga mizigo, na mtumbwi mkubwa ulikuwa wake. Kanuni inaruhusu anayekimbia kifo, basi tulipanda. Alivusha siku mbili bila kulala, viganja vikachubuka mpaka kasia likawa jekundu. Alinivusha mimi na kuku wangu, na mwili wake ulinuka vile vile, mafuriko hayakumwosha.

Tulipokuwa kambini kwenye mahema upande wa mji, watu walianza kusema yaishe sasa. Mzee wa Kisiwa mwenyewe alisimama. "Jamani, huyu ametuokoa sote. Tuseme limekwisha." Macho yote yakaja kwangu. Nilikuwa tayari kusema hapana. Neno lilikuwa ulimini.

Yeye akanitangulia. "La, Mzee. Kuvusha ndiyo kazi yangu, ningevusha hata punda. Mkinisamehe leo, itakuwa hofu yenu ndiyo iliyonisamehe, si ninyi. Eedo hajala."

Kisha akatoka hemani akatema miraa yake.

Hapo ndipo nilipomchukia barabara. Kabla ya siku ile nilikuwa na haki tupu. Sasa alikuwa amenitwika. Usiku na mchana nilijisikia nimebeba kitu chake, kinanuka, na siwezi kukitua.

Mafuriko yalisafisha dimbwi kuliko karai lake, ingawa lile karai lilianza. Mwaka huu mto uliposhuka wazee walitazama wakaona samaki wadogo wanarukaruka. Wakafunga kamba ya mkoma. Kisiwa kizima kikaanza kusuka vikapu, kwani vya zamani vilishaliwa na mchwa.

Mjukuu wangu sasa ana miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, wa kwanza darasani mihula yote miwili, wakimpita wavulana ni kwa urefu tu. Alirudi likizo kwa ajili ya siku hiyo. Nilimshonea dira mpya, gauni pana la kwetu, ya rangi ya machungwa, aonekane.

Siku ya vikapu tulikusanyika ukingoni asubuhi. Wajane mbele, na mimi mbele ya wajane. Mvushaji alikaa pembeni, nje ya kamba, amewasha moto mdogo. Alikuwa amevua perege mmoja mtoni alfajiri kwa ndoano, amembanika, amemweka juu ya jani. Hakutazama mtu. Amezeeka, mgongo umepinda kwa kubeba tope, na vidole vyake vimevimba viungo kama tangawizi.

Mzee wa Kisiwa akakohoa. "Dimbwi limezaa," akasema. "Limebaki neno moja."

Nikarekebisha shela yangu. Nikatazama migomba. Nikajiambia, wangoje. Miaka minane nimengoja mimi.

Dira ya machungwa ikainuka.

"Kaa chini," nikamwambia mjukuu wangu.

"Ayeyo," akaniita, yaani bibi kwa lugha ya kwetu, "aliyetapika ni mimi."

"Nimesema kaa."

"Tumbo lilikuwa langu, ayeyo." Hakupandisha sauti. Nilimfundisha mimi mwenyewe kutopandisha sauti mbele ya wakubwa. "Kila Ijumaa anakuja kwako. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Akaenda. Akachuchumaa mbele yake na ile nguo niliyomshonea ikaburura kwenye majivu. Akakata kipande cha mkiani, akapuliza, akala. Alitafuna vizuri, bila haraka, akatema mwiba mmoja mkononi mwake. Nilihesabu kila mtafuno.

"Umebanika sana," akamwambia.

"Niliogopa asiive," Mvushaji akajibu.

Mzee wa Kisiwa akasema, "Nyumba imekula," akakata kamba. Watu wakaporomoka majini na kelele, vikapu vinagongana, wanawake wanapiga vigelegele. Wajane wenzangu wakanipita. Mtu akaniita, "Eedo, kikapu chako!"

Mvushaji hakuingia. Alikuwa huru, angeweza kuruka na wengine, na miaka minane yote alikuwa anataka hilo. Alibaki amepiga magoti kando ya lile jani, ananitazama. Hakuwa na haja nami tena. Kanuni ilikuwa imekwisha.

"Eedo," akasema. Basi.

Nilikwenda. Magoti yangu hayapendi kuchuchumaa, nikakaa chini kabisa mchangani, mjukuu wangu upande huu, yeye upande ule. Alinuka moshi, samaki na shati lake. Akamega kwa vidole vyake mwenyewe, penye nyama, akatoa miiba mmoja mmoja, akanipa. Nilikiweka kipande mdomoni, nikatafuna. Nyama ilikuwa tamu, na hilo liliniudhi kuliko ingekuwa chungu.

Nikameza. Nikamega kingine.

Ndipo akaanza kulia, mzee mzima, kwa sauti ya mbuzi, na kamasi zikamteremka mdomoni zikaelekea kwenye jani.

"Futa kamasi hizo," nikamwambia. "Tunakula."